Karata Inampiga Nani?

Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi na wazazi wao, Butembo

Najua wapo waliosoma neno "karata" kwenye tangazo la mlangoni wakaja kuhakikisha kama kweli mwalimu wa uuguzi ameishiwa hadi anafundisha kamari. Kaeni kwa amani. Hakuna pesa mezani, na mchezo nitakaousema hata mchungaji anaweza kuucheza, maana ndani yake hakuna jirani wa kushindwa.

Karata tulizozizoea, zile wanazocheza vijana wa pikipiki wakisubiri abiria, ni za kupigana. Unatupa mbili, jirani yako anaokota mbili, nawe unacheka. Hakuna anayeuliza karata inampiga nani. Inampiga anayefuata, basi. Kiti ulichokalia ndicho bahati yako.

Sasa waketisheni vijana wale wale, tuseme wanne, muwaambie kwamba leo wote ni upande mmoja: watashinda pamoja au watashindwa pamoja. Adui ni nani? Ni rundo la karata lililo katikati ya meza. Hapo mbunifu wa mchezo anaingia kwenye taabu ambayo karata za kijiweni hazina. Rundo halina jicho wala kinyongo. Haliwezi kumkazia mtu macho na kumwambia "ni wewe". Lazima mbunifu aandike juu ya kila karata, kwa maneno yasiyo na utata, pigo hili linamwangukia nani. Mstari huo, ambao wachezaji wageni huuruka, ndio ulionileta mbele yenu. Miji yetu miwili, Beni na Butembo, iliishi karibu miaka miwili chini ya karata ambayo mstari wake kila mtu aliusoma kivyake.

Upo mchezo wa karata uliotoka mwaka 2011, uliojengwa juu ya hadithi za J.R.R. Tolkien, unaoitwa The Lord of the Rings kama kitabu chenyewe. Kila mchezaji anachukua mashujaa wasiozidi watatu, na pembeni yake ana kidude cha kuhesabia chenye namba. Namba hiyo inaonyesha jinsi adui anavyokusikia ukipita. Mimi naiita kishindo. Shujaa mkubwa ana kishindo kikubwa: Aragorn peke yake ana 12. Mpange na Glóin mwenye 9 na Théodred mwenye 8, tayari una 29. Mwenzako kachukua Éowyn, Dúnhere na Eleanor, 9 na 8 na 7, ana 24. Kila raundi ikiisha, kishindo cha kila mmoja kinapanda kwa 1.

Katikati ya meza liko jitu la milimani. Kwenye karata yake imeandikwa 30, maana yake halimvamii mtu ambaye kishindo chake hakijafika 30. Raundi ya kwanza jitu limekaa tu. Raundi ya pili yule wa 29 amefika 30, na jitu linamshukia na pigo la nguvu 6. Wa 24 bado anapita kimya kimya, kama anayerudi nyumbani usiku akiwa ameshika viatu mkononi.

Nimecheza mchezo huu na wanafunzi mara nyingi, na mara zote yupo anayesema kosa ni la huyo aliyechukua Aragorn. Hajasoma kanuni zote. Ipo nyingine inayosema kwamba kabla jitu halijachagua, mchezaji yeyote anaweza kujitolea: anavuta karata ya adui mbele yake mwenyewe, wenzake wakapumua. Na ipo ya tatu, ninayoipenda kuliko zote. Baadhi ya mashujaa, na Aragorn ni mmojawapo, wana neno dogo kwenye karata yao linalowaruhusu kukinga pigo lililomlenga mchezaji mwingine. Katika meza yetu tunawaita walinzi wa mlango. Shikeni mambo hayo matatu: kishindo, kujitolea, mlinzi wa mlango. Tutayarudia.

Michezo mingine ina njia zake. Sentinels of the Multiverse, ya mwaka huo huo wa 2011, ina maadui wanaompiga shujaa mwenye uhai mwingi kuliko wote, na wengine wanaomtafuta mwenye uhai mdogo. Arkham Horror ya karata, ya mwaka 2016, ina maadui wenye windo lao: huyu anamtaka mwenye akili nyingi, yule anamtaka dhaifu. Ina pia karata zenye neno la hatari, na anayezivuta hazungumzi na wenzake mpaka amalize shida yake. Wenzake wanamwona anasoma, uso unabadilika, na hawaruhusiwi hata kumshauri. Nimeona wanafunzi wanaopiga kelele siku nzima wakinyamaza ghafla kwa ajili ya karata moja.

Lakini mchezo wa ushirikiano uliovuma sana duniani ni Pandemic wa Mmarekani Matt Leacock, uliotoka mwaka 2008. Ni ramani ya dunia yenye miji 48 na maradhi manne, kila ugonjwa na vitofali vyake 24 vya rangi moja. Unafunua karata ya mji, unaweka kitofali. Mji ukiwa na vitatu na karata yake ikatoka tena, ugonjwa unafurika hadi miji ya jirani. Mafuriko ya nane, mmeshindwa. Kinshasa imo, imeunganishwa na Lagos, Khartoum na Johannesburg. Butembo haimo, Beni haimo, wala Goma.

Nilipoujua mchezo huu nilicheza jioni nzima, nikaenda kulala nikiwa na kitu kinachonikera bila kujua ni nini. Usiku wa manane nikakijua. Katika Pandemic, hakuna karata hata moja inayompiga mchezaji! Mganga anaingia Kinshasa yenye vitofali vitatu, anafagia vyote, anapanda ndege na kwenda zake bila hata homa. Mtafiti haumwi kichwa. Ugonjwa unapiga miji, na wanaopigana nao wako juu ya miji, kama sisimizi juu ya mkate.

Mimi ni muuguzi. Mwaka 2019, wakati wa Ebola, nilikuwa kazini hapa. Mnisamehe kama sikuweza kulala.

Najua kuna atakayesema ninachezea makaburi. Hapa ndani wapo waliozika. Nami nilizika. Sileti mchezo ili tucheke yaliyopita. Naleta mstari ule: inampiga nani.

Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ilitangaza Ebola katika Mangina, eneo la Mabalako, kilomita kama 30 kutoka Beni mjini. Wiki moja tu ilikuwa imepita tangu mlipuko wa jimbo la Équateur utangazwe kuwa umekwisha. Ugonjwa ukaingia Beni, ukashuka Katwa na Butembo, na mnamo Juni na Julai 2019 ukafika Kasese ng'ambo ya mpaka na Goma mjini. Ulipotangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, waliougua walikuwa 3,470 na waliofariki 2,287.

Kirusi kile kilikuwa na mstari wake, na ulikuwa wazi kwa yeyote aliyefundishwa kuusoma: kinampiga anayegusa. Hakifuati kabila, wala chama, wala dini. Kinamfuata anayefuta matapishi, anayebeba mtoto mwenye homa, anayeosha maiti. Kwa desturi zetu huyo ni nani? Mnajua jibu kabla sijalisema. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake. Watoto wasiofika miaka 18 walizidi robo. Watumishi wa afya wapatao 170 waliambukizwa. Kule Beni, malaria ilipopanda mwishoni mwa mwaka 2018, mama alipeleka mtoto wa malaria kwenye kituo kidogo cha mtaani, chenye benchi moja na sindano zisizojulikana zimepita wapi, na mtoto akarudi na Ebola. Mama yule alifanya alichopaswa kufanya. Kwa lugha ya mezani, alijitolea, alivuta adui mbele yake.

Huo ndio mstari kama ulivyoandikwa. Sasa tuangalie jinsi ulivyosomwa.

Septemba 2018, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases. Zaidi kidogo ya robo walisema Ebola haipo. Waliowaamini viongozi wa mahali kwamba wanatetea maslahi yao hawakufika theluthi. Kuna wageni walioisoma taarifa ile wakasema tatizo la watu wa hapa Kivu ni ujinga. Mimi nasema wale watu walikuwa wachezaji wazuri tu, waliojaribu kusoma karata ambayo mstari wake hakuna aliyewafundisha kuusoma. Walitazama pigo linaanguka wapi, wakajiandikia mstari wenyewe.

Walichokiona ni hiki. Beni ilikuwa inachinjwa tangu Oktoba 2014, usiku kwa usiku, na walinzi hawakufika, au walifika asubuhi kuhesabu. Halafu ukaja ugonjwa mmoja, na ghafla barabara ikajaa magari meupe. Wakasoma: karata hii inawapiga wale ambao vifo vyao vya zamani havikumshtua mtu.

Tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi, CENI, ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura ya rais tarehe 30 pamoja na nchi nzima, kwa sababu ya Ebola na usalama. Wangoje Machi. Soko lilikuwa wazi. Makanisa yalikuwa wazi, tena ni wiki ya Noeli. Kura tu ndiyo ilikuwa na kirusi. Kesho yake kituo kimoja cha wagonjwa pale Beni kilivamiwa. Tarehe 30 vijana wa Beni wakajiwekea uchaguzi wao wenyewe, wakapanga mistari na kunawa mikono kabla ya kutumbukiza karatasi. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, na zamu yetu ya kupiga kura ilikuwa bado. Wakasoma tena: karata hii inampiga mwenye kura isiyotakiwa.

Kisha kituo cha matibabu chenyewe, CTE kama tulivyokiita sote. Mgonjwa anaingia nyuma ya uzio, anapokewa na watu waliofunikwa hadi macho, na siku chache baadaye anatoka ndani ya mfuko. Hii ndiyo ile karata ya hatari ya Arkham, ambayo aliyeivuta hazungumzi na mtu. Tofauti ni kwamba pale mezani tumekubaliana na kanuni hiyo kabla ya kukaa. Hapa nani alimwuliza mama wa Katwa kama anaikubali?

Niongeze kitu kidogo ambacho wageni hawakukielewa. Kile kipima joto cha kunyooshewa kwenye paji la uso kina umbo la bastola. Katika mji mwingine ni kichekesho. Njiani kuingia Beni nilimwona mama mmoja akinyooshewa, akavuta kitenge akafunika uso wake wote, akasimama hivyo mpaka kijana akashusha mkono. Hakuna aliyemwandika popote. Mimi nimemwandika.

Turudi kwenye kishindo. Kila timu ya riposti, yaani ya kupambana na Ebola, iliyoingia mtaani na magari matano na askari ilikuwa inazungusha namba yake juu. Ilifikiri bunduki ni ngao. Jitu la milimani halikuona ngao, liliona 30. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha Katwa kilichomwa moto. Siku tatu baadaye kikavamiwa cha Butembo, na Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuwa wakiviendesha, wakasimamisha kazi. Tarehe 19 Aprili, katika hospitali ya chuo kikuu hapa hapa Butembo, watu wenye silaha waliingia wakati wa kikao na kumuua Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko wa Shirika la Afya Duniani. Alikuwa ametoka kwao kujitolea. Hakuwa na la kujibu katika mambo ya kura wala ya mauaji ya Beni. Siwezi kuwaambia kwamba kuusoma mstari vibaya ni udhuru wa kuua mtu. Aliyefyatua alijua anampiga nani.

Lakini waliofyatua walikuwa wachache, na mji ni mkubwa. Ninaowafikiria zaidi ni wale maelfu waliofunga tu mlango timu ilipopita. Wao hawakumpiga mtu. Walipunguza kishindo chao, wakashika viatu mkononi. Kwa mtu aliyeishi Kivu, huo ni ustadi uliookoa watoto mara nyingi. Kwa Ebola, nyumba iliyofunga mlango ndiyo iliyokuwa na mgonjwa asiyehesabiwa. Akili ile ile iliyowaokoa na bunduki iliwaua kwa homa. Hilo nalirudia kwa wanafunzi kila mwaka, kwa sababu mtakutana nalo tena: mtu anayekuficha mgonjwa wake mara nyingi anacheza vizuri sana mchezo mwingine.

Kilichobadilika ni nini? Mambo kadhaa, na si yote nitayagusa. Chanjo iliwafikia watu zaidi ya 300,000. Kule Beni shirika la ALIMA lilileta vyumba vya plastiki angavu, ambamo mgonjwa anaonekana, na ndugu anasimama nje akimpungia mkono na kuongea naye. Vyumba hivyo vinaitwa Cube, yaani kitofali. Mchezaji wa Pandemic ajue kwamba kwake kitofali ni ugonjwa, na kwa mama wa Beni kitofali kilikuwa mahali pa kumwona mtoto.

Na kuanzia Novemba 2018 pale Beni lilianza jaribio la dawa nne, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake. Agosti 2019 lilisimamishwa mapema kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimeonyesha wazi kuzishinda nyingine, na moja yao ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kwa wagonjwa waliofika virusi vikiwa bado vichache mwilini, wakapewa moja ya dawa hizo mbili, karibu tisa kati ya kumi walipona. Hapo mstari uliokuwa mitaani, kwamba anayeingia CTE hatoki, ulifutwa na watu waliotoka kwa miguu yao wenyewe.

Waliopona walikuwa 1,171. Tuliwaita washindi. Hapa ndipo napata mlinzi wangu wa mlango. Karibu na vituo vya Beni na Butembo kulikuwa na nyumba za kulelea watoto ambao mama zao wako ndani, watoto ambao wenyewe huenda wameambukizwa. Nani atambeba mtoto wa namna hiyo? Muuguzi aliyevaa mavazi ya kinga anaweza kumbeba dakika chache, kwa glavu mbili. Mshindi alimbeba kutwa, uso wazi, mikono mitupu, akamlaza kifuani, kwa sababu mwili wake ulikuwa umekwisha kujifunza kuukinga ugonjwa. Nilipita asubuhi moja nikamkuta mmoja amembeba kichanga mgongoni kwa kitenge, anamfanya alale huku anachambua maharage. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko kazi yangu ilivyoruhusu. Katika karata zote nilizoshika, sijaona kanuni iliyotimia hivyo.

Lakini karata ya mshindi ina upande wa pili. Katika Pandemic, inapotoka karata ya mlipuko, karata za miji iliyokwisha pigwa zinachanganywa na kurudishwa juu ya rundo. Hazipelekwi chini. Miji iliyoumia ndiyo itakayoumia tena. Wanafunzi hulalamika kwamba si haki. Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena Butembo: wagonjwa 12, wakafa 6. Oktoba mwaka huo ikarudi Beni, na Agosti 2022 Beni tena, mgonjwa mmoja. Kirusi kinaweza kujificha kwa muda mrefu katika mwili wa aliyepona, hasa katika mbegu za kiume, na uchunguzi wa chembe za urithi uliunganisha kesi hizi na mlipuko ule wa 2018. Rundo lilikuwa limerudisha karata zetu juu.

Mnajua yaliyofuata. Yule yule aliyebeba watoto wa wenzake akaanza kukimbiwa kisimani. Nyumba ikakosa mpangaji, mke akaambiwa arudi kwao. Nawaambia kama nilivyowaambia majirani zangu: hayo ni makosa ya kusoma. Mstari unasema kirusi kinaweza kupita kwa njia fulani, kwa muda fulani, na kuna vipimo vya kulijua hilo. Hausemi kwamba mtu huyu ndiye adui. Adui ni karata. Mtu ni mchezaji mwenzako, na katika meza hii ndiye pekee mwenye neno la kukinga pigo linalokujia wewe.

Muda wangu umekwisha na mama wa chai ananiangalia. Wanafunzi, kazi ya wiki hii ni moja. Nimekata karata 60 tupu kutoka kwenye maboksi ya sabuni, ziko kwenye meza ya mlangoni. Kila mmoja achukue mbili, aende nazo nyumbani, akae na mtu mmoja aliyekuwepo mwaka 2019: bibi, dereva wa pikipiki, mshindi, hata yule aliyewahi kurusha jiwe. Muulizeni alidhani pigo linamwangukia nani, na kwa nini. Msibishane naye. Andikeni mstari wake kama alivyousema, kwa kalamu ya risasi, maana tutafuta sana. Jumatatu tutazipanga juu ya ramani. Kinshasa wameshaichora. Butembo na Beni tutazichora wenyewe.